Bagamoyo haikuanza tarehe 1 Januari 1900

Kuna orodha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini, ya nyumba na makaburi ya zamani. Ni kazi ya kujitolea, na waliopita mtaa kwa mtaa juani nawashukuru kwa moyo wote. Lakini nilipoifungua nikaipanga kwa tarehe, vitu vyote vya kale vilirundikana pamoja: nyumba za mawe, kisima, makaburi ya masharifu, vyote vimeandikwa 01/01/1900. Nikauliza. Nikajibiwa, "Ndugu yangu, Excel inakataa chini ya hapo, na fomula ya umri inaleta makosa. Tukaona tuweke hiyo."

Nimekasirika, na mpaka naandika haya hasira haijaisha.

Misheni ya Wakatoliki hapa ilianzishwa 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa na akina Chuma na Susi Februari 1874. Stanley na Emin Pasha waliingia mji huu 4 Desemba 1889, na siku kumi na moja baadaye Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani. Kufika 1891 Wajerumani walikuwa wameshahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Karibu kila jambo linalomleta mgeni Bagamoyo liko nyuma ya huo mstari wa 1900. Halafu sisi wenyewe, wenye mji, tunasogeza marehemu wetu mbele ili fomula itulie?

Excel, programu ile ya majedwali, haihifadhi tarehe, inahesabu siku. Tarehe 1 Januari 1900 ni namba 1, ya pili ni 2, na kuendelea. Ukiandika 15/12/1889 inaichukua kama maandishi tu, unaiona imeegemea kushoto mwa seli, na ukiitoa kwenye tarehe ya leo inakuletea #VALUE!. Hilo silo linaloniudhi. Angalau imesema haiwezi. Ubaya ni pale inapokubali. Andika =DATE(1889,12,15) uone: inakupa 15 Desemba 3789, kwa sababu mwaka wowote ulio chini ya 1900 inauongezea 1900. Abushiri bado hajazaliwa, na hakuna onyo lolote.

Na hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Makaburi yetu mengi yana tarehe za Hijria. Nilikuwa kwenye steshenari moja hapa mjini, kijana anamchapia bibi mmoja majina ya wazee wake kwa ajili ya hitima. Bibi anasoma kwenye daftari, kijana anachapa.

"Alfu na mia tatu na saba," bibi akasema.

Kijana akaandika 1307, akabonyeza Enter, na kwa kuwa safu ile ilishapangwa iwe ya tarehe, seli ikaandika 30/07/1903. Hakuna aliyeshtuka. Bibi haoni vizuri, kijana ameshahamia jina linalofuata. Programu ilihesabu siku 1,307 kuanzia mwanzo wake, basi, na mzee wa watu akapewa siku, mwezi na mwaka ambavyo havimhusu kabisa. Nilimwomba kijana arudi nyuma, na alirudi kwa heshima. Ila ni orodha ngapi zimeshachapwa bila mtu kukaa pembeni?

Mwaka 1307 wa Hijria ulianza Agosti 1889 ukaisha Agosti 1890. Jiwe likisema 1307 bila mwezi, hatuwezi kuchagua mmoja kati ya miaka hiyo miwili kwa sababu tu seli inataka jibu moja. Liandikwe 1307, na pembeni yake iandikwe Hijria. Anayekuja kesho na ujuzi zaidi ataweza kuendelea kutoka hapo. Kutoka 30/07/1903 hafiki popote, maana hata hatajua kwamba palikuwa na kosa.

Livingstone mwenyewe ana tarehe mbili za kufa: mti uliochongwa alipofia ulisema 4 Mei 1873, na jiwe la kaburi lake Westminster Abbey linasema 1 Mei. Mtunza kumbukumbu mwaminifu anaandika zote mbili na kusema kila moja imetoka wapi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba programu hizi zilitengenezwa kwa watu wa mahesabu ya fedha, na hakuna anayedai mkopo wa 1889. Hata hesabu ya Excel yenyewe ina 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwepo kwa kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu. Kosa lilirithiwa kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, likaachwa makusudi ili mafaili yaelewane. Google Sheets na LibreOffice Calc zinakubali tarehe za kabla ya 1900, ni kweli. Lakini faili letu linatoka simu hii kwenda kompyuta ile, na atakayelifungua kwa Excel atakuta ##### tupu.

Kwa hiyo tengenezeni safu tatu za namba za kawaida: mwaka, mwezi, siku. Ya nne iwe ya kalenda, Hijria au Miladi. Ya tano iwe ya maneno kama yalivyo kwenye jiwe, na hiyo ipangwe kuwa Text kabla ya kuandika chochote. Umri wa nyumba ni mwaka wa leo kutoa mwaka uliojengwa. Mkitaka kujua ilikuwa siku gani ya wiki, ongezeni miaka 400: kalenda ya Miladi hujirudia kila baada ya siku 146,097, ambazo ni wiki kamili 20,871. Ukiandika =TEXT(DATE(1889+400,12,15),"dddd") utapata kwamba Abushiri alinyongwa Jumapili.

Wenye ile orodha, nawaomba leo hii chujeni kila 01/01/1900 na mfute, seli zibaki wazi. Kisha tugawane mitaa, twende na madaftari tukasome mawe upya, tukianza na yale ya upande wa pwani. Chumvi imeshakula herufi za mengi. Mimi nitachukua Dunda.