Chimbeni Shimo Kwanza, Timu ya Taifa Baadaye

Huku Delhi kazi ya kwanza ya mwanamieleka alfajiri ni kulima. Anashika jembe, anageuza udongo wote wa shimo ulioshindiliwa na miili jana yake, anavunja mabonge, kisha mwenzake anasimama juu ya ubao mzito na wengine wanauburuta kwa kamba mpaka pawe tambarare. Jasho limeshawatoka na hakuna aliyemshika mwenzake bado. Shimo hilo wanaliita akhara. Udongo wake umechanganywa na mafuta ya haradali na manjano, na anayelisimamia ni mzee mmoja wanayemwita guru, yaani mwalimu, hana ofisi wala mhuri.

Mchezo huu naupenda, na ndiyo maana kelele za nyumbani zinanikera. Ukifungua simu unakuta magrupu ya Dar yamewaka: mbona hatusikiki kwenye mieleka, wenzetu wanakwenda Olimpiki, serikali iko wapi, iundwe timu ya taifa haraka twende Los Angeles 2028. Kitakachofuata mnakijua kuliko mimi. Kikao, kamati, picha ya kukabidhiwa bendera, traksuti mpya. Safari ikishapatikana ndipo wanatafutwa wa kusafiri.

Najua pia nitakavyojibiwa: "Umekaa India juzi tu, leo unatuona washamba." Jamani, sijaja kuisifia India. Mwaka 2023 wanamieleka wakubwa wa huku walipiga kambi barabarani, pale Jantar Mantar, wakimlalamikia mkuu wa shirikisho lao. Agosti mwaka huohuo shirikisho la dunia, UWW, likalisimamisha shirikisho la India, na vijana wakaenda kwenye ubingwa wa dunia Belgrade bila bendera ya nchi yao. Kwa hiyo uongozi wenye matatizo si mali yetu peke yetu. Ila ofisi ilipofungiwa, mashimo hayakufungiwa. Mwaka uliofuata Aman Sehrawat akatoka Paris na shaba ya kilo 57.

"India ina watu zaidi ya bilioni, lazima wapate." Hili nalisikia sana, na halina miguu. Sakshi Malik, Yogeshwar Dutt, Bajrang Punia, Ravi Dahiya na huyo Aman, wote wenye medali za Olimpiki za mieleka, wanatoka jimbo moja tu, Haryana. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu wa Haryana kama milioni 25. Sisi sensa ya 2022 imetupa milioni 61.7. Ukitaka kubishana kwa wingi wa watu, basi sisi ndio tunaodaiwa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya Olimpiki, maana wengi wanaongea bila kuijua. Mieleka huru, ile inayoruhusu kushika miguu, kwa wanaume ina madaraja sita ya uzito, kwa kilo: 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Wanawake nao sita: 50, 53, 57, 62, 68 na 76. Paris 2024 kila uzito ulikuwa na nafasi 16 tu za kufuzu, dunia nzima. Afrika tuliwekwa kapu moja na Oceania, mashindano ya kufuzu yakafanyika Alexandria, Machi 2024, na kila uzito ukatoa watu wawili. Wawili! Hapo kuna Misri, Tunisia, Algeria, Kameruni, kuna Senegali yenye Adama Diatta ambaye ubingwa wa Afrika ameubeba mara nyingi, na upande wa wanawake kuna Nigeria, ambayo Blessing Oborududu aliiletea fedha Tokyo kwenye kilo 68. Kijana aliyepambana mara tano maishani mwake anakwenda kufanya nini pale?

Nitawaambia anachokwenda kufanya, kwa sababu huwa inatokea vilevile kila mara. Pambano ni vipindi viwili vya dakika 3, mapumziko sekunde 30, na mmoja akimzidi mwenzake kwa pointi 10 refa anamaliza. Kijana wetu ana nguvu, wala sibishi. Makuli wa Kariakoo na wavuvi wa Feri wana mikono ambayo vijana wa huku wangeionea wivu. Anaingia kukamata mguu mmoja. Kuingia sahihi ni hivi: hatua ya kupenya iwe ndefu, goti lishuke karibu na mguu wa mpinzani, kichwa kiwe juu na sikio likandamize ubavu wake, kifua kigande kwenye paja, mikono ifungwe nyuma ya goti, kisha ukate kona kumzunguka. Wetu anainamisha kichwa na kunyoosha mikono kutoka mbali. Mpinzani anarusha miguu nyuma, anamwangushia uzito wa nyonga mabegani, anamzunguka mgongoni. Pointi 2. Kijana wetu akiwa bado anajiuliza imekuwaje, anakumbatiwa kiunoni kutoka nyuma, anabanwa mbavu, anaviringishwa mgongo ukiangalia chini. Pointi 2 nyingine. Anaviringishwa tena, na tena, na tena. Kumi kwa sifuri, dakika moja haijaisha, na nyumbani tunasema "tulikosa maandalizi" kana kwamba ni mvua iliyonyesha.

Hakushindwa kwa kukosa nguvu. Alishindwa chini, kwenye ulinzi wa mtu aliyelazwa kifudifudi, na ulinzi huo unafundishika bila shilingi ya mfadhili. Dakika 15 za kila zoezi: mmoja analala kifudifudi, mwenzake anapewa sekunde 30 kumgeuza, wanabadilishana. Aliye chini atandaze nyonga zigandane na ardhi, viwiko vibane mbavu, mkono na mguu wa upande anakopelekwa vifunguke kuwa breki. Asipandishe magoti kwa hofu, maana ndipo anapotoa nafasi ya mikono kupita tumboni. Vifundo vya miguu visipishane hata kidogo, vikipishana anafungwa miguu na kuzungushwa kama gogo. Mtoto aliyefanya hivi mwaka mzima hapigwi kumi bila na yeyote kirahisi.

"Tutafanyia wapi? Hatuna mkeka." Ndiyo hapo sasa. Mkeka halali wa UWW ni mita 12 kwa 12, duara la mita 9 ndani yake, na ukiagizwa nje bei yake inatosha kuanzisha vikao vya miaka mitatu. Shimo je? Mita 6 kwa 6, kina sentimita 30. Hiyo ni chini kidogo ya mita za ujazo 11, tripu mbili au tatu za tipa ndogo. Usijaze mchanga wa pwani mtupu: goti linazama, unachubua ngozi na kuingia machoni. Usijaze mfinyanzi mtupu: jua la Dar litaukausha upasuke, na mtu akidondoka ni kama kadondoka kwenye sakafu. Tafuta udongo wa kichanga laini, uchekeche wote kwa wavu, kwa sababu udongo wa mjini una vizibo vya soda na vipande vya chupa. Kila jioni mwagia maji kidogo, kila asubuhi lima. Kingo ziinuliwe na juu kuwe na bati au makuti, la sivyo masika yatakuachia bwawa. Na usiku lifunikwe turubai, maana paka wa Mbagala wakiligundua watalifanya choo, na minyoo ya paka inapenya ngozi.

Mchanga wa Coco Beach una kazi yake pia. UWW ina mieleka ya ufukweni, dakika 3, wa kwanza kufika pointi 3 ameshinda, na imewekwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Hiyo inafundisha kusimama, kushikana, kusukumana nje ya duara. Lakini ukianguka mchezo unasimama, hivyo kile kidonda chetu cha kugeuzwa chini hautakitibu.

Na udongo nao usikudanganye. K. D. Jadhav, aliyeipa India medali yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja baada ya uhuru, alikulia kwenye udongo, na London 1948 akakutana na mkeka kwa mara ya kwanza, akawa wa sita. Kwenye udongo pambano ni refu, unamsubiri mtu achoke. Kwenye mkeka miguu inakwenda upesi, na kukanyaga nje ya duara ni pointi 1 kwa mwenzako. Miaka minne baadaye, watu wakiwa wamemchangia nauli kama tunavyochangia harusi, akachukua shaba Helsinki. Kwa hiyo shimo likishazaa vijana 20 wanaokuja kila siku, hatua ya pili ni mkeka wa kujitengenezea. Fremu ya mbao, maranda kutoka kwa mafundi wa Keko yashindiliwe hadi sentimita 10, juu turubai zito la lori livutwe kwa kamba pande zote nne. Litalegea kila wiki, likazeni, kwa sababu mkunjo mmoja ndio unaovunja kidole cha mguu. Unyevu wa Dar utaozesha maranda, yabadilisheni kabla hayajanuka. Na turubai lioshwe kila baada ya zoezi, robo kikombe cha dawa ya klorini kwenye lita 4 za maji, likae mbichi dakika 10. Msipofanya hivyo mtagawana mapunye na majipu timu nzima. Magodoro msitumie, tafadhali. Mguu unazama, kifundo kinageuka.

Walimu? Judo tunayo, na Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania Paris. Wanajudo wanajua kurusha na kudondoka, wachukueni. Onyo moja tu: sheria za judo za kimataifa zimekataza kushika miguu tangu miaka ya 2010, hivyo mwanajudo anasimama wima, mapaja yako wazi kama mlango wa duka. Apewe miezi ya kujifunza kuchuchumaa kabla hamjamwita mwanamieleka.

Mizani ndiyo kifaa pekee ambacho ningesema nunueni kizuri. Uzito unapimwa asubuhi ya siku ya pambano, na anayeendelea siku ya pili anapimwa tena. Vinesh Phogat, wa Haryana hukohuko, alifika fainali Paris kwenye kilo 50, asubuhi akazidi gramu 100, akaondolewa. Mtu mwenye madaktari na wapishi nyuma yake! Kwetu kijana wa kilo 63 anaambiwa "shuka 57, kule kuna nafasi", anakimbia na makoti mawili juani, anaingia mkekani midomo imepasuka. Achague uzito ambao mazoezini anauzidi kwa kilo moja au mbili tu.

Mtaniambia vijana wetu mieleka wanayoijua ni ile ya kibanda umiza, ya viti na ngazi na John Cena. Vizuri, waacheni waje wakidhani ni hiyo. Wangapi walianza ngumi kwa sababu ya sinema? Wakishalima shimo mara tatu watajua wenyewe kama wanabaki.

Na mtaniambia napenda kukatisha tamaa. Simbu ametuletea dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, nani kasema hatuwezi? Mimi nilipiga kelele hadi jirani wa Kihindi akagonga mlango. Lakini Simbu amekimbia maelfu ya kilomita kabla hatujamjua jina. Mieleka nayo ina kilomita zake, ni mapambano, na kijana anahitaji mamia kabla ya kwenda Alexandria au popote watakapoweka kufuzu.

Utabiri wangu basi, mniwekee kumbukumbu: Los Angeles 2028 hatufuzu mieleka huru, wanaume wala wanawake, na atakayewaahidi anatafuta posho. Mtoto aliyezaliwa 2012 atakuwa na miaka 20 Brisbane 2032. Ningeanza na wasichana wa kilo 50 na 53 na wavulana wa 57, wapelekwe ubingwa wa Afrika wa chini ya miaka 17, kisha chini ya 20, wapigwe huko, warudi shimoni. Mashimo manne yanatosha kuanza: Temeke, Mbagala, Tandale, Kigamboni, na Jumamosi moja kila mwezi wakutane, washindane kwa zawadi ya mbuzi. Mbuzi mmoja, mwamuzi mmoja, mizani moja. Kamati iundwe na atakayebaki kulifunika shimo turubai.