Utumwa wa Brazil si ule tunaouona kwenye filamu

Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyeujua utumwa wa ng'ambo ya Atlantiki kupitia filamu, kwa kawaida ameujua wa aina moja: shamba la pamba kusini mwa Marekani, nyumba kubwa nyeupe yenye nguzo, mnyapara mwenye mjeledi, na mama anayenyang'anywa mwanawe mnadani. Hayo yalitokea kweli, na filamu ya 12 Years a Slave ya mwaka 2013 iliyaonyesha bila kuyapamba. Ninachosikitikia ni kwamba taswira hiyo imetukaa akilini kiasi cha kuifunika historia ya Brazil, nchi iliyopokea Waafrika wengi kuliko nyingine yoyote, wakiwemo maelfu kwa maelfu waliopakiwa kwenye merikebu za kuvuka Atlantiki kutoka Msumbiji katika karne ya 19.

Wanahistoria wanakadiria kuwa Waafrika wapatao 388,000 waliteremshwa moja kwa moja katika Amerika ya Kaskazini bara, ilhali Brazil iliteremshiwa takriban milioni 4.8. Hata hivyo, mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na sensa ya Brazil ya mwaka 1872 ilihesabu milioni 1.5 tu. Sehemu ya tofauti hiyo ni watu waliojikomboa kwa fedha au kuachwa huru, kwani kufikia sensa hiyo watu weusi na machotara walio huru walikuwa wengi kuliko watumwa. Lakini sehemu nyingine ni vifo, maana kwa muda mrefu wenye mashamba waliona ni nafuu kununua mtu mpya kuliko kumtunza waliye naye.

Mahali pa kuvielewa vifo hivyo ni kwenye kinu cha miwa. Muwa uliokatwa huharibika upesi, kwa hiyo katika majimbo ya Brazil ya Bahia na Pernambuco kazi ya kusaga, ambayo msimu wake ulichukua miezi minane au tisa, iliendelea usiku na mchana. Padri Mjesuiti Antonil, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1711, anawataja wanawake waliolisha kinu kwa mikono: aliyezidiwa na usingizi alivutwa vidole, kisha mkono, na asipokatwa mkono huo haraka mwili mzima ulifuata. Kando yao walikuwapo wapishi wa sukari, waliosimama juu ya masufuria ya shaba yanayotokota, mbele ya tanuri zisizozimwa.

Naamini filamu huuchagua mjeledi kwa sababu una mtu anayeushika, na mtazamaji hutaka mtu wa kumchukia. Mnyapara mkatili akiadhibiwa, tunatoka tumeridhika. Kinu hakina wa kuadhibiwa; sukari yake ilinunuliwa na kuliwa Ulaya na watu wapole ambao hawakuwahi kumpiga yeyote.

Brazil yenyewe nayo imejikosea kwenye skrini. Tamthiliya ya Escrava Isaura ya mwaka 1976, iliyouzwa katika nchi nyingi mno, ilimpa nafasi ya mtumwa mwigizaji mweupe, Lucélia Santos. Ni kweli riwaya iliyotumika ilikuwa na mhusika wa namna hiyo, lakini kwangu huo si udhuru: mamilioni ya watu walifundishwa kumlilia mtumwa aliyefanana na binti wa bwana wake.

Ndiyo maana naithamini zaidi filamu ya Quilombo ya Carlos Diegues, ya mwaka 1984, inayosimulia habari za Palmares, makazi ya watumwa watoro nchini Brazil yaliyodumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 17. Humo hakuna anayesubiri kuokolewa na mgeni mwema. Kuna watu wanaolima, wanaopigana na wanaogombana kuhusu siasa yao wenyewe. Mwaka 1678 kiongozi wao Ganga Zumba alikubali amani na gavana wa Pernambuco, kwa sharti kwamba waliozaliwa Palmares wangekuwa huru na watoro waliokimbilia huko wangerudishwa kwa mabwana zao. Zumbi, kamanda wa vita wa Palmares, alikataa uhuru wa kuwauza wenzake. Makao makuu yao, Macaco, yalianguka mwaka 1694, naye akauawa tarehe 20 Novemba 1695. Mgogoro wa mkataba ule peke yake ungetosha kuwa tamthiliya nzima, na ningependa kuiona ikiandikwa na Waafrika.