Keshia na Kikao cha Ukoo

Mimi ni keshia. Nasema mapema kwa sababu kesi yote imeegemea hapo.

Desemba moja nilitaka siku tatu katika zile 28 za likizo yangu, niende Moshi kwenye kikao cha ukoo. Mdogo wangu anaoa, mahari haijatimia, na wajomba walishaapa kwamba asiyefika asije kulia baadaye. Ofisini kwetu barua za ruhusa huandikwa Kiingereza. Nikasema leo bosi atajua kidato cha nne sikufaulu kwa kubahatisha.

Kikao cha ukoo ni "clan meeting", lakini lilikuwa jepesi mno, la darasa la saba. Nikakumbuka gazeti fulani lilivyoandika kuwa wazee wa chama wamefanya "clandestine meeting". Nikapiga hesabu: clan ni ukoo, tulisoma kwenye Historia. Destiny ni majaliwa. Basi, ukoo umejaliwa kukutana. Kamusi ya nini tena?

Nikaandika kwamba naomba kuhudhuria clandestine meeting, fedha zimeshachangwa, wenzangu wananisubiri mimi tu, na nitaondoka Alhamisi kabla hakujapambazuka.

Mchana nikaitwa. Bosi, mama mpole ambaye hata kikombe hakitui kwa kishindo, amekaa na afisa utumishi. Pembeni mkaguzi wa ndani na vitabu vyangu vya fedha. Mlangoni mlinzi, mzee niliyekunywa naye kahawa asubuhi ile ile, ananitazama kama hatujawahi kusalimiana.

"Mwanangu," bosi akaanza, "mko wangapi?"

"Kama 40 hivi, mama. Wengine wanatokea Arusha."

Mkaguzi akaandika.

"Na fedha ziko kwa nani?"

"Kwa mjomba. Milioni mbili na nusu, na mbuzi wawili."

Kwenye mbuzi kalamu ikagoma.

"Mbuzi?" Bosi akavua miwani. Nikaeleza yote, mahari, wajomba, mpaka mbege. Akanyamaza kidogo, akanisogezea kamusi, kidole juu ya neno: la siri, la kificho. Asili yake Kilatini, clam, yaani kwa kujificha. Ukoo haumo hata wa kulumangia.

Afisa utumishi alitoka nje kucheka. Mlinzi alicheka palepale.

Ruhusa nilipewa. Ila sefu ilihesabiwa kwanza, mara mbili, ikakutwa na ziada ya shilingi 500, ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi, na wala sijaulizia.