Mchoro wa mfumo usioweza kukosea haufai kwa tathmini

Tangu USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ianze kutumia jedwali la mantiki ya mradi (logframe) mwishoni mwa miaka ya 1960, tathmini nyingi za miradi ya jamii zimefuata mstari ulionyooka: fedha huzaa shughuli, shughuli huzaa matokeo, matokeo huleta mabadiliko. Watetezi wa fikra za mifumo, wanaochora kwa mishale jinsi kila jambo linavyogusa jingine na kurudi lilikoanzia, wanasema maisha hayaendi hivyo, na hapo wana hoja.

Chukua kisima cha pampu ya mkono. Jedwali litauliza kama kimechimbwa na kaya ngapi zinateka. Lakini maji yakisogea karibu, mifugo nayo husogea, foleni hurefuka, pampu hufanya kazi kutwa na kuharibika mapema. Kamati inapandisha mchango wa matengenezo. Kaya zisizoumudu zinarudi mtoni. Wachangiaji wakipungua, mchango unapanda tena. Mtathmini anayefika mwaka wa kwanza ataandika mafanikio. Anayefika mwaka wa nne ataandika uzembe wa kamati. Wote wawili wameona kipande tu cha mzunguko uleule.

Haki isemwe: jedwali lenyewe lina safu ya dhana, yaani mambo ya nje ambayo lazima yakae sawa ili mradi ufaulu. Mfumo mzima umejificha humo. Bahati mbaya ndiyo safu inayojazwa usiku wa mwisho kabla ya andiko kwenda kwa mfadhili.

Upande wa pili wako wanaotaka vipimo vya kulinganisha makundi, lililopata msaada na lisilopata, yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, njia iliyowapa wanauchumi Banerjee, Duflo na Kremer Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kwao, mchoro wa mishale ni mwepesi mno kueleza mambo yakishatokea. Mradi ukifaulu, kuna mshale wa kuonyesha sababu. Ukianguka, kuna mwingine. Hofu hiyo naiona ya kweli. Nimesoma ripoti ambamo "mazingira ni changamano" lilikuwa jina la heshima la kushindwa.

Hata hivyo, utafiti unaosifiwa sana na kambi hii ya pili unaipa nguvu ile ya kwanza. Mwanauchumi Edward Miguel na Kremer huyohuyo walipopima dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, hawakuwagawa wanafunzi wa shule moja. Waligawa shule nzima nzima. Mtoto aliyetibiwa hasambazi tena mayai ya minyoo kwenye udongo, hivyo jirani yake asiyemeza dawa naye hupona au haambukizwi. Ukiwalinganisha hao wawili, tofauti inakuwa ndogo na dawa inaonekana haina maana. Swali la kimfumo, nani mwingine anaguswa, ndilo lililotengeneza kipimo.

Mwaka 2015 watafiti wengine walizirudia hesabu hizo, wakakuta makosa, hasa kwenye makadirio ya manufaa kwa shule za mbali. Mabishano yalikuwa makali. Lakini angalia kilichowezekana: kosa lilionekana kwa sababu kulikuwa na namba za kukosolewa. Michoro mingi ya mizunguko niliyoiona haitoi nafasi hiyo.

Kwa hiyo simwombi mtathmini achague kambi. Namwomba achore mfumo kabla ya mradi kuanza, pamoja na wanaoteka maji na wenye mifugo, kwa sababu mwenye kuchora mpaka ndiye huamua nani hahesabiki. Kisha ataje mishale miwili au mitatu ambayo isipoonekana kwa muda fulani, mchoro wake utakuwa umekosea. Muda huo mara nyingi utapita mkataba wa mfadhili wa miaka mitatu, na hapo ndipo ugomvi halisi ulipo, kuliko huu wa mbinu. Mradi rahisi, kama wa kugawa miwani kwa wasioona vizuri, hauhitaji haya yote. Hesabu ya kawaida inautosha.