Kufuta deni la kilabuni: kumsaidia mlevi au kumlea?

Jirani yangu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, humtumia bosi wa mumewe ujumbe uleule karibu kila Jumatatu: "Kaamka na malaria." Kwa hesabu yangu, bwana yule ameugua malaria kuliko mtaa mzima. Jioni mke hupitia kilabuni kulipa deni kwa hela za zabibu za shamba lao la Mpunguzi. Siku moja nilimsindikiza, nikaliona daftari la mama muuza: deni la zamani limepigwa mstari, na chini yake jipya, tarehe ileile.

Marekani, ndugu wa walevi walianzisha Al-Anon, vikundi vyao vya kusaidiana, mwaka 1951. Humfundisha mke kwamba ulevi wa mumewe hakuusababisha, hawezi kuudhibiti wala kuuponya. Basi aache kuufunika. Miaka ya 1980 tabia hiyo ya kufunika ikavuma kwa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita utegemezi mwenza: mmoja hawezi kuishi bila pombe, mwingine hawezi kuishi bila kuhitajiwa na mlevi. Ukilitazama lile daftari, unawaelewa hao Al-Anon. Mama muuza anaendelea kukopesha kwa kuwa mlipaji anamjua.

Lakini "mwache aanguke hadi ajifunze" ni ushauri wa mtu mwenye chumba chake na mshahara wake. Huyu bwana akifukuzwa kazi, wote wanakosa kodi ya nyumba, watoto wakiwemo. Pia mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Huyo si wa kuachwa ajifunze. Ni wa kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, nayo iko hapa hapa mjini. Kuna na wanaotumia unga. Methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Dada anayemwamsha kaka yake alfajiri na kumpandisha daladala kwenda kuinywa, naye tumwite mgonjwa wa utegemezi mwenza? Jina lenyewe halimo hata kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, na mara nyingi naona hubandikwa wake na mama.

Mimi naegemea njia waliyoikuza watafiti wa jimbo la New Mexico, Marekani. Ndugu hufundishwa kumkaribia mtu wake akiwa hajalewa: chakula, mazungumzo, kicheko. Mtu huyo akilewa, ndugu anajitenga na kuacha hasara ya pombe imrudie mlevi mwenyewe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, asilimia 64 ya walevi ambao ndugu zao walifundishwa hivyo waliingia kwenye matibabu, dhidi ya asilimia 13 kwa mafunzo ya mtindo wa Al-Anon. Tuwe wa haki: lengo la Al-Anon ni kumtuliza ndugu, si kumpeleka mlevi hospitali.

Kwa hiyo sahani ya ugali ibaki, na nauli ya kliniki ibaki, ila mtu amsindikize, maana hela mkononi hufika kilabuni kwanza. Daftari na malaria ndivyo vya kuachwa. Nilimwambia jirani hivyo, akanijibu kwamba kusema ni rahisi, na ni kweli.

Jumatatu iliyopita hakutuma ujumbe. Saa mbili bosi akapiga. Akamwekea mumewe simu sikioni, akarudi jikoni kukoroga uji.