Kasoro za mionzi ndani ya metali: tufuate atomu moja moja au tuchukue wastani?

Watu wanaotengeneza modeli za uharibifu wa mionzi wana ubishi wao wa miaka mingi na hauishi. Kuna wanaosema fuata kila atomu kwenye kompyuta ndo utajua ukweli, na kuna wanaosema achana na hayo, andika milinganyo michache ya jinsi kasoro zinavyozaliwa, zinavyotembea na zinavyokufa, chukua wastani, kazi iende. Mi naegemea wa wastani, ila kwa masharti.

Kinachobishaniwa ni hiki. Nyutroni, kachembe kanakorushwa ndani ya kinu cha nyuklia, ikiigonga atomu ndani ya fuwele (yaani atomu zilizojipanga kwa mpangilio, kama ndani ya metali), atomu inang'oka, inaacha tundu nyuma na yenyewe inaenda kujibana katikati ya wenzake, kwa hiyo tundu na atomu iliyojibana huzaliwa pamoja, na hizo mbili ndo kasoro zenyewe. Kwenye chuma watu huchukua elektroni-volti 40 (kipimo cha nishati ndogondogo za atomu) kama nishati ya kung'oa atomu moja, na kanuni ya mwaka 1975 ya Norgett, Robinson na Torrens inasema gawanya nishati uliyonayo kwa mara mbili ya hiyo halafu zidisha kwa 0.8, yaani atomu iliyorushwa na elektroni-volti 20,000 za kuharibu inatoa jozi 200. Rahisi mno. Kumbe simulesheni za atomu zilipokuja zikaonyesha kwamba jozi nyingi zinarudiana palepale, ndani ya pikosekunde 10 hivi (pikosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa trilioni), kale kaeneo kakiwa bado kamechemka, na kinachobaki kwenye metali ni kama theluthi tu. Hapo wa atomu wameshinda, hamna la kubisha.

Shida inaanza baada ya hizo pikosekunde. Tundu kwenye chuma linahitaji kama 0.67 elektroni-volti kuruka hatua moja, na kwenye nyuzi 300, joto la kinu cha kawaida, ukikadiria inachukua makumi ya nanosekunde (nanosekunde moja ni pikosekunde 1,000) kati ya ruko moja na lingine. Maana yake simulesheni yako ya pikosekunde 10 inaisha kabla tundu halijasogea hata mara moja! Na kinu kinakaa miaka 40. Ukigawanya miaka 40 kwa pikosekunde 10 unapata 1 na sifuri 20 nyuma yake, sasa hiyo pengo huizibi kwa kununua kompyuta kubwa zaidi.

Ndo maana wa wastani bado wapo. Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton walitangaza kwamba chuma kisichoshika kutu kilichokaa kwenye kinu cha Dounreay, Uskoti, kimejaa vishimo vidogo ndani, na metali yenye vishimo inavimba. Swali likawa, kama tundu na atomu zilizojibana huzaliwa sawasawa, vishimo vinakuaje, si vingezibwa na hizo atomu? Jibu likatoka kwenye milinganyo: mistari ya hitilafu ndani ya fuwele, pale mpangilio wa atomu ulipovurugika, huzivuta atomu zilizojibana kidogo zaidi kuliko inavyovuta matundu, basi matundu yanabaki ya ziada na yanakusanyika. Tofauti ndogo tu ya mvuto, ila ikiachwa miaka inavimbisha chuma. Hilo hulioni kwa kuangalia atomu chache kwa muda mfupi.

Ila wa wastani nao wana dhambi yao na hawapendi kuisema. Huo mvuto wa ziada ni namba, na hiyo namba mara nyingi inasukumwa mpaka mchoro ufanane na vipimo, na ukiwa na namba tano sita za kusukuma hivo utafananisha chochote, halafu unasema modeli imethibitishwa. Pia waliozoea kudhani kila kasoro inazurura pande zote walikuja kuambiwa na simulesheni kwamba mafungu ya atomu zilizojibana huteleza kwenye mstari mmoja tu, na hiyo inabadilisha kabisa uwezekano wa kukutana na kishimo.

Watu hutaja kazi ya Fu na wenzake ya 2005 kama ushahidi kwamba ugomvi umeisha: walikokotoa nishati za kasoro za chuma kwa fizikia ya kwanta, wakaziingiza kwenye simulesheni ya bahati nasibu inayorusha kasoro kutoka sehemu moja hadi nyingine, wakapata zile hatua za kupona, yaani kasoro kufutika awamu kwa awamu, zinazoonekana maabara ukikipasha joto chuma kilichopigwa elektroni kikiwa baridi sana. Kazi nzuri kweli. Lakini kile ni chuma safi mno, na kwenye chuma cha kazi kuna kaboni inayoyashika matundu, kuna nikeli, kuna manganizi, na kila kimoja kinataka nishati zake. Kosa la 0.1 elektroni-volti tu linabadilisha kasi ya kuruka kama mara 7 au 8 kwenye nyuzi 300, na kwenye joto la chumba karibu mara 50. Kwa hiyo anayejisifu hajasukuma namba hata moja naye ana namba ambayo imekosewa kimyakimya.

Sharti langu kwa wa wastani ni hili: nishati zitoke kwa watu wa atomu, halafu zifungwe, zisiguswe tena, ndo modeli ipewe jaribio ambalo haijawahi kuliona. Na jaribio lipo. Maabara nyingi zinapiga metali kwa ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) badala ya nyutroni kwa sababu ni haraka, uharibifu wa miaka unapatikana kwa siku chache, kasi yake ni maelfu ya mara ya kinu. Kasi ikipanda hivo matundu na atomu zilizojibana zinakutana na kufutana kabla hazijafika popote, kwa hiyo vishimo vinahamia kwenye joto la juu zaidi. Fungia namba zilizobaki kwenye data ya ayoni, kisha tabiri ya kinu bila kugusa kitu. Nikiona mchoro unaofanana na vipimo halafu jaribio hilo halijafanywa, mi huwa nauruka naenda kwenye jedwali la namba, nihesabu ngapi zilisukumwa.