Amri ya Saa Kumi na Moja Jioni

Wapolandi wamekuwa wengi Unguja miaka hii, hata vijana wa ufukweni Nungwi wanaamkia kwa lugha yao. Rafiki yangu mmoja anayetembeza wageni Mji Mkongwe huwasimulia, pale Forodhani, vita vya 1896 kati ya Waingereza na Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekataa kutoka katika jumba la usultani, vita vilivyokwisha kwa dakika 38. Kwa kawaida wageni hucheka. Mzee mmoja wa Kipoland hakucheka. Aliuliza: "Aliyewaamuru watu wakae ndani ya jumba lile alikuwa anajua nini?"

Swali likaletwa barazani kwetu, na kahawa ikapoa.

Mzee yule alikuwa na kamanda wa kwao moyoni. Jenerali Tadeusz Komorowski, jina la siri Bór, yaani msitu, alikuwa ofisa wa askari wapanda farasi, na alishindana kwenye Olimpiki ya Paris 1924. Ujerumani ilipoivamia Poland 1939 alibaki nchini, akajificha na kuanza kuunganisha watu. Mkubwa wake, Stefan Rowecki, alipokamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, Juni 1943, yeye ndiye aliyelishika Armia Krajowa, Jeshi la Nyumbani, lililokuwa na watu zaidi ya laki tatu waliokula kiapo kwa siri. Tarehe 31 Julai 1944 akatoa amri: kesho, saa kumi na moja jioni, Warsaw iinuke.

Mapigano yalichukua siku 63. Walikufa wapiganaji wapatao 16,000, na raia kati ya 150,000 na 200,000. Katika mtaa wa Wola peke yake, wiki ile ya mwanzo ya Agosti, makumi ya maelfu walitolewa majumbani wakapigwa risasi. Kisha Wajerumani wakaubomoa mji, nyumba baada ya nyumba.

Wanaomtetea Bór wana hoja nzito, na mimi sizipuuzi. Siku nne kabla ya amri, Wajerumani walitaka watu 100,000 wajitokeze kuchimba mahandaki. Watu hawakwenda, na adhabu ikawa inangojewa. Redio ya Moscow ilikuwa ikiwahimiza washike silaha. Na Mrusi aliyekuwa akija kuwakomboa walimjua vizuri. Katika mji wa Vilnius, mwezi uleule wa Julai, Jeshi la Nyumbani lilisaidia kuwatoa Wajerumani, na maofisa wake wakakamatwa na Warusi hao hao. Stalin, mtawala wa Urusi, alikwishaweka kamati yake ya kuitawala Poland katika mji wa Lublin. Sisi wa huku tuna ushahidi wa karibu: kambi ya Tengeru, jirani na Arusha, ilihifadhi Wapolandi kama elfu tano wakati wa vita, wengi wao wanawake na watoto ambao Stalin alikuwa amewahamishia Siberia na kwingineko. Makaburi ya baadhi yao yako pale mpaka leo. Basi Bór alitaka Warusi wakiingia Warsaw wamkute mwenyeji ndani ya nyumba, bendera yake juu.

Wanaomlaumu huanzia kwenye bunduki. Wengi wa watu wake hawakuwa na silaha ya maana siku ile. Majenerali wenzake walio nje hawakuafiki: Sosnkowski, amiri jeshi mkuu, hakutaka uasi wa Warsaw, na Anders, aliyekuwa akipigana Italia, aliuona kuwa ni balaa.

Lakini kinachonikera mimi ni habari ya alasiri ile ya tarehe 31 Julai. Kamanda wa Warsaw, Antoni Chruściel, alikuja na taarifa kwamba vifaru vya Warusi vimeshaonekana Praga, sehemu ya mji iliyo ng'ambo ya mto Vistula. Bór akamwita Jankowski, mjumbe wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Jankowski akauliza maswali yake, akaridhia. Amri ikatoka. Muda si mrefu akaingia mkuu wa upelelezi, Iranek-Osmecki, na habari sahihi: Wajerumani wanajibu mapigo, Warusi bado. Wajumbe walikwishatawanyika mjini. Amri haikurudi.

Kutaka kupigana simlaumu. Namlaumu kwa kuifunga roho ya mji mzima kwenye habari ya mdomo mmoja, ilhali mkuu wake wa upelelezi yuko njiani. Barazani nilipingwa, na nakiri nilipingwa vizuri: jenerali wa mafichoni hana darubini wala simu, kila habari yake ni ya mdomo wa mtu aliyetembea kwa miguu. Angengoja uthibitisho, na vifaru vingekuwa kweli vimefika, leo tungemwita mwoga. Kweli. Ila angengoja saa moja tu. Matokeo yake yakawa vita vya panzi, neema ya kunguru: Stalin akatulia ng'ambo, akawakatalia wiki kadhaa Waingereza na Wamarekani kutua kwenye viwanja vyake vya ndege ili kuwafikishia waasi misaada.

Nikirudi kwa Seyyid Khalid bin Barghash, hapo naona afadhali ya Bór. Khalid alipewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti awe ametoka jumbani, akaamini Waingereza hawatapiga. Meli zilikuwa mbele ya dirisha lake, hakuhitaji mpelelezi. Watu wapatao 500 wakauawa na kujeruhiwa, naye akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akasafirishwa Dar es Salaam. Bór alitoka mahandakini mwezi Oktoba na kuingia utekani pamoja na watu wake. Alifia Uingereza 1966, bado akilijibu swali hili.

Kila tarehe 1 Agosti, saa kumi na moja jioni, king'ora hulia Warsaw na watu husimama barabarani, hata wale wanaosema Bór alikosea. Kwetu tarehe 27 Agosti si siku ya mapumziko. Pale palipoangukia mizinga, jioni watu wanakula mishikaki na pweza, na rafiki yangu anawahesabia wageni dakika.